Tundu Likikubali, Usiseme Umeme Umekubali

Maneno ya somo: plagi, soketi, volti, ampea, wati, fyuzi, chanya, hasi. Mwalimu wa kikundi ayaandike ubaoni, na wanafunzi wayasome pamoja kabla ya kuanza.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini leo hatutasimulia habari za wafalme. Tutasimulia historia ya kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekishika leo asubuhi. Kitu hicho ni plagi.

Nitaanza na fumbo. Tuseme kijana mmoja wa Bangwe amenunua seva kuukuu. Seva ni kompyuta ya ofisi, iliyotengenezwa kwa kazi ya kutunza habari na kuzigawa kwa kompyuta nyingine. Haikutengenezwa kwa kazi ya picha. Kijana wetu anataka kutengeneza filamu za harusi, kwa hiyo amenunua na kadi ya michoro, yaani kibao kinachotiwa ndani ya kompyuta ili kifanye kazi ya picha. Kadi hiyo yahitaji umeme mwingi, nayo ina tundu lake la kupokea umeme. Kijana afungua kasha la seva, atafuta waya wa kuingia katika tundu lile, haupati. Lakini aona waya mwingine unaofanana nao sana. Akiusukuma kwa nguvu kidogo, utaingia. Je, ausukume?

Wekeni swali hilo kando. Tutalirudia mwishoni, na hapo kila mmoja wenu ataweza kulijibu. Kwanza na twende ziwani.

MPAKA ULIO UKUTANI

Mtu akivuka ziwa kutoka Kalemie, au akishuka kutoka Bujumbura na mzigo wake, huenda akaja na redio, pasi au jiko la umeme. Afika nyumbani kwa ndugu yake hapa Kigoma, atafuta soketi ukutani, na mara aona ajabu. Plagi yake ina pini mbili za mviringo. Soketi ya Kigoma ina matundu matatu bapa. Lugha ni moja, samaki ni wale wale, ziwa ni moja. Lakini plagi imekataa. Kwa nini?

Jibu limo katika historia. Zamani za Wajerumani, reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Umeme wa kwanza wa kugawiwa watu katika nchi yetu ulikuwa umewashwa Dar es Salaam mwaka 1908, hasa kwa ajili ya karakana za reli. Kisha vita vikaja. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma, na Wabelgiji wakautawala mji huu kwa muda wa miaka mitano hivi. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji walipatana namna ya kugawana. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Kigoma na nchi iliyobaki ikaenda kwa Waingereza. Mwaka 1921 Wabelgiji wakakabidhi Kigoma, wakabakiwa na sehemu yao ya bandari tu, kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Urundi.

Sasa fikirini. Wakati ule nyumba chache sana za Kigoma zingaliweza kuwa na umeme. Hapana mtu aliyekaa mezani akasema, "Leo tunaamua sura ya plagi ya Kigoma." Hata hivyo iliamuliwa siku ile ile. Kila mtawala alileta waya zake, mafundi wake na kanuni zake. Mwaka 1931 serikali ya Waingereza iliwapa watu binafsi kazi ya kugawa umeme. Zikawapo kampuni mbili, TANESCO na DARESCO, na DARESCO ndiyo iliyoshughulikia miji ya kando ya reli ya kati: Dar es Salaam, Dodoma, Tabora na Kigoma. Kwa hiyo Kigoma ikapata matundu ya Kiingereza, na Kalemie, Uvira na Bujumbura zikapata matundu ya Kibelgiji. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960, Tanganyika mwaka 1961, Burundi mwaka 1962. Bendera zikabadilika, lakini matundu hayakubadilika. Mpaka wa mwaka 1921 ungali ukutani mpaka leo.

KAMATI YA LONDON NA MWANAMKE MMOJA

Soketi zetu za matundu bapa zina historia yake. Mwanzoni, nyumba zilizokuwa na umeme huko Ulaya na Marekani zilikuwa na taa tu. Mtu aliyetaka kutumia pasi alilazimika kutoa globu na kuunganisha pasi mahali pa taa. Baadaye zikatengenezwa plagi za namna nyingi, kubwa na ndogo. Uingereza ilikuwa na plagi za pini tatu za mviringo, zilizowekewa kanuni mwaka 1934, nazo zikaletwa katika makoloni yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Uingereza walikaa kufikiri namna ya kujenga upya nyumba zilizobomolewa. Shaba ilikuwa haba. Wakabuni njia ya kuzungusha waya mmoja nyumba nzima kama pete, ukilisha soketi nyingi. Njia hiyo iliokoa shaba, lakini ilileta hatari mpya. Waya huo wa pete ni mnene, na fyuzi yake ni kubwa, ya ampea 30. Lakini waya wa taa ya mezani ni mwembamba. Ukipata hitilafu, waya mwembamba utawaka moto kabla fyuzi kubwa haijasikia kitu. Kwa hiyo wakaamua kwamba kila plagi iwe na fyuzi yake ndogo ndani. Hiyo ndiyo plagi yetu ya pini tatu bapa, iliyotangazwa kwa kanuni ya mwaka 1947. Ukiifungua kwa bisibisi utaiona fyuzi imelala humo kama askari katika kibanda chake.

Katika kamati ile ya watu 20 alikuwamo mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett. Yeye alisisitiza usalama wa nyumbani, hasa wa watoto wanaopenda kutia vidole na misumari katika matundu. Ndiyo maana soketi zetu zina vifuniko vidogo ndani. Matundu mawili ya chini yamefungwa. Pini ya juu, ambayo ni ndefu kuliko zenzake, huingia kwanza na kuvifungua. Pini hiyo ndiyo ya waya wa ardhini, unaoukimbiza umeme usimpate mtu kama chombo kimeharibika.

Sasa tuulizane kwa haki. Plagi ya pini mbili ikikataa kuingia, wengi wetu hufanya nini? Twachukua kijiti, au kalamu, twakichoma katika tundu la juu, vifuniko vyafunguka, nasi twazishindilia pini mbili chini. Redio yaimba, twafurahi. Lakini tazama tulichofanya. Tumefungua mlango uliofungwa kwa ajili ya mtoto. Tumeuacha waya wa ardhini. Tumempita askari fyuzi, kwa kuwa plagi ile ya pini mbili haina fyuzi ndani yake. Na pini za mviringo hazishikwi sawasawa katika tundu bapa. Hulegea, na mahali palipolegea hupata moto. Kijiti kimoja kimevunja kazi ya kamati nzima.

Adapta iliyo nzuri, yenye fyuzi, haigharimu kitu kikubwa ukiilinganisha na nyumba.

SURA NI JAMBO MOJA, NGUVU NI JAMBO LINGINE

Hapa yatupasa kuyaelewa maneno matatu tuliyoyaandika ubaoni. Fikirini tangi la maji lililo mlimani na bomba linaloshuka kutoka humo. Volti ni msukumo wa maji. Ampea ni wingi wa maji yanayopita katika bomba. Wati ni kazi inayofanyika. Ukizidisha volti kwa ampea, wapata wati. Kwa mfano, soketi yetu ina volti 230, na fyuzi kubwa ya plagi yetu ni ampea 13. Zidisheni: 230 mara 13 ni 2,990. Kwa hiyo plagi moja yaweza kubeba karibu wati 3,000, haizidi hapo.

Sasa tazameni vyombo viwili. Cha kwanza ni pasi kutoka Kongo. Plagi yake haiingii, lakini umeme wa kule ni wa volti 220, karibu sawa na wetu. Ukitumia adapta nzuri, pasi itafanya kazi bila madhara. Cha pili ni chombo kutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120, au kutoka Japani, ambako ni volti 100. Ukikipatia adapta, plagi nayo itaingia vizuri kabisa. Lakini kama chombo hicho hakikuandikwa kwamba chapokea volti 230, kitapata msukumo wa mara mbili, nacho kitaungua.

Mmeona? Pasi ya Kongo, tundu limekataa lakini umeme wafaa. Chombo cha Marekani, kwa adapta tundu limekubali lakini umeme waua. Hilo ndilo fundisho la leo: tundu likikubali, usiseme umeme umekubali.

Wavuvi wa dagaa walijua jambo hili kwa njia nyingine. Zamani walivua kwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, na betri yao ni ya volti 12. Mvuvi akigeuza waya, akaweka chanya mahali pa hasi, taa haiwaki, na pengine huharibika palepale. Volti ni zile zile 12, lakini njia zimegeuka. Kwa hiyo maswali ni matatu: Msukumo ni volti ngapi? Njia yaweza kubeba wingi gani? Na waya upi ni chanya, upi ni hasi?

TUMBO LA KOMPYUTA

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Humo mna kasha dogo ambalo mafundi huliita pawasaplai. Kazi yake ni kupokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti ndogo, hasa volti 12, sawa na betri ya mvuvi. Kutoka hapo umeme hupita katika nyaya nyingi zenye plagi ndogo ndogo. Nazo plagi hizi zina historia.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya mezani iliyopata sifa dunia nzima. Pawasaplai yake ilikuwa ya wati 63.5 tu. Kompyuta zilizofuata mfano huo zilipelekewa umeme kwa plagi mbili zilizofanana, zikikaa bega kwa bega. Fundi aliyezibadilisha, ya kulia akaitia kushoto, aliweza kuunguza kibao kizima. Basi mafundi wakafundishana kanuni moja: nyaya nyeusi zikutane katikati. Kwa miaka mingi kompyuta ya bei kubwa ililindwa na kanuni ya mdomo tu. Mwaka 1995 ukaja mtindo mpya uitwao ATX, wenye plagi moja ya pini 20, iliyochongwa hata isiweze kuingia kinyume. Tazama, huko nako walifanya kama kamati ya London: waliitia akili ndani ya sura ya plagi.

Kisha picha zikaanza kula umeme mwingi. Mwaka 2003 ilitangazwa nafasi mpya ya kupachika kadi, iitwayo PCI Express. Kwa kanuni, nafasi kubwa ya namna hiyo huipa kadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa waya. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza wati 150. Mwaka 2022 ikaja plagi ndogo iliyokubaliwa kupitisha hata wati 600. Mwezi wa Oktoba mwaka huo kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi moja yenye kutumia wati 450, yaani mara saba ya pawasaplai nzima ya mwaka 1981. Haukupita muda, watu kadhaa wakaonyesha plagi zilizoyeyuka. Kampuni ikaeleza kwamba jambo lililoonekana mara nyingi ni plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Basi kushindilia plagi isiyo mahali pake ni kosa, na kuiacha nusu plagi iliyo mahali pake nalo ni kosa.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2022, hapa mkoani kwetu Rais Samia Suluhu Hassan alizindua umeme wa gridi ya taifa. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya mafuta kwa miaka mingi. Umeme umekuja, na vyombo vikubwa vitaufuata. Kwa hiyo maarifa haya si ya watu wa mbali.

KIJANA NA SEVA YAKE

Sasa turudi kwa kijana wetu. Yuko amesimama na waya mkononi. Tumsaidie kwa maswali yetu matatu.

Swali la volti: waya ule ni wa volti 12, na kadi yataka volti 12. Hapo hapana tatizo. Lakini asikimbie.

Swali la njia: waya aliouona una plagi ya pini 8. Katika kompyuta mna plagi mbili za pini 8 zinazofanana kama ndugu. Moja ni ya kulisha processa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo ina nyaya 4 za volti 12 na 4 za kurudi. Nyingine ni ya kadi ya michoro, nayo ina nyaya 3 za volti 12, na zilizobaki ni za upande wa hasi. Tena safu zake zimegeuzwa: palipo chanya katika moja, ni hasi katika nyingine. Watengenezaji walichonga pini zake kwa sura tofauti kidogo ili zisiingiliane, lakini mkono wenye haraka waweza kuzilazimisha. Na katika seva jambo ni gumu zaidi, kwa maana kila mtengenezaji huweza kupanga pini za kibao chake apendavyo. Waya wa seva moja waweza kuingia kabisa katika seva nyingine, ukaiunguza.

Swali la wingi: rafiki amwambia, "Tumia adapta, uchukue umeme katika waya wa diski." Tupige hesabu. Plagi nyembamba ya diski, iitwayo SATA, ina pini 3 za volti 12, na kila pini yabeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5. Zidisheni kwa 12: ni wati 54. Lakini tundu la pini 6 la kadi laweza kudai wati 75. Adapta itaingia pande zote mbili, na kadi yaweza hata kuwaka. Kisha siku ya kazi nyingi, plagi ile nyembamba itapata moto mpaka iyeyuke. Ni kama kupakia magunia ya watu 75 katika mtumbwi wa watu 54. Pale gatini utaelea. Mkipigwa na wimbi katikati ya ziwa ndipo mtajua.

Basi afanye nini? Kwanza, asome maandishi ya kadi yake. Tuseme imeandikwa wati 225. Nafasi itatoa 75, plagi ya pini 8 itatoa 150, jumla 225. Pili, asome maandishi ya pawasaplai ya seva, aone kama ina akiba ya kutosha baada ya kuwalisha wengine. Tatu, atafute waya uliotengenezwa kwa ajili ya aina ile ile ya seva na kadi ile ile, kisha fundi aupime kwa mita, aone chanya na hasi, kabla ya kuuchomeka. Nne, kama waya huo haupatikani au akiba haitoshi, achague kadi ndogo isiyozidi wati 75, ambayo haihitaji waya wowote. Filamu ya harusi itachelewa kidogo kumalizika, lakini nyumba itabaki imesimama.

Meli yetu Liemba ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikiwa na injini za mvuke. Wazee wetu walipoanza kuuita umeme "stimu", walitumia jina la mvuke huo. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikatiwa za dizeli. Mwili ulikuwa wa zamani, nguvu ikawa mpya. Yawezekana, basi, kutia nguvu mpya katika mwili wa zamani. Kijana wetu hakukosea kutamani. Angekosea kama angedhani kwamba kuingia ndiko kulingana.

Wasikilizaji wapenzi, usiku wa leo, kabla ya kulala, tazameni soketi za nyumbani mwenu. Mkiona kijiti kimechomekwa katika tundu la juu, kitoeni. Lakini zimeni swichi kwanza, na kama soketi haina swichi, zimeni umeme wa nyumba nzima. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini plagi za Bujumbura si sawa na za Kigoma, ingawa watu ni majirani?
2. Fyuzi iliyo ndani ya plagi hulinda kitu gani?
3. Betri ni ya volti 12, na taa yachukua ampea 2. Ni wati ngapi?
4. Chombo kimeandikwa volti 110 tu, na plagi yake yaingia ukutani kwa adapta. Utamshauri nini mwenye chombo hicho? Toa sababu.
5. Andika sentensi tatu kuhusu kitu cha umeme kilicho nyumbani kwako: volti zake, wati zake, na plagi yake.